Picha ya Kitanda cha Sita

Ndugu wasomaji, afadhali mnisikie mimi mwenyewe kabla watu wa mji wetu wa Baraka hawajawafikishia habari hii. Hospitali ilipoleta tableti, zile kompyuta za mkononi, za kuandikishia wagonjwa, mimi muuguzi mwenye cheti cha kompyuta cha masomo ya jioni nilipewa kazi ya kupiga picha wagonjwa wa wodi ya wanawake. Nilitembea kama niliyevumbua umeme. Asubuhi ile kila aliyelala kitandani nilimpiga picha, nikaiweka kwenye jina la mgonjwa wa kitanda kile. Dakika kumi, kazi kwisha.

Kesho yake asubuhi wapasuaji walikuja na machela. Walitazama picha, wakamshika mama wa kitanda cha sita.

"Mi si mugonjwa," akasema.

"Kila mutu anasemaka vile, mama," nikamtuliza. "Kupasua ngiri ni kitu kidogo. Utalala, utaamuka."

"Mi nilileta bukari ya kula tu."

"Leo hakuna kula, mama."

Tulikuwa tumemfikisha mlangoni, mama mwingine akaingia polepole, ameshika tumbo.

"Munapeleka mudogo wangu wapi? Mwenye ngiri ni mimi. Kila asubuhi naenda njee kuota jua, yeye analala pa kitanda yangu."

Daktari akachukua tableti, akafungua picha ya kitanda cha saba.

"Huyo ni mama mukwe yangu, ananipikiaka," mgonjwa wa kitanda hicho akajibu.

Cha nane je? Mgonjwa wake akainua kichwa.

"Dada yangu. Alirudia kwao Ubwari jana."

Daktari akanigeukia taratibu mimi muuguzi wake.

"Infirmier, kwa hizi picha zote, ulipata hata mugonjwa mumoja?"