Quad ya mke wangu ilikimbia sokoni bila mtu, ndipo tukaifunga switch ya kamba ya boti

Wakuu, hamjambo huko mliko. Mimi humu ni msomaji tu, nasoma, nacheka, napita. Leo acha na mimi nitoe yangu. Hii sikusimuliwa na mtu, imenipata mimi na mke wangu huku mpakani mwa Kenya na Uganda, na kama kuna mtu wa Angurai humu ndani, pengine ile siku ya soko alikuwepo na atanisahihisha nikikosea.

Mke wangu, nimwite Amoit, ni daktari wa mifugo. Si ule wa kukaa ofisi. Ni ule wa kutoka boma hili kuingia lile, anadunga ng'ombe chanjo, anazalisha nguruwe, anarudi nyumbani na matope mpaka kwa nywele. Kazi yake iko Teso North yote, na siku zingine anaitwa mpaka Nambale.

Anatumia quad, ile pikipiki ya magurudumu manne manene. Kuna mradi ulikuwa huku, ukafungwa, vitu vyao vikauzwa, tukachukua hiyo. Wazee wa vijijini wanaiita trakta ya daktari. Mvua ikinyesha, kuna njia za huko ndani hata boda boda wanakataa kwenda, lakini hiyo kitu inapanda tu.

Mimi ni fundi wa simu na radio. Kibanda changu kiko Malaba, kando ya foleni ya malori. Madereva wananiletea simu zimeingia maji, chaja zimeungua, hizo ndizo kazi zangu.

Sasa ile siku. Ilikuwa soko Angurai na mimi nilikuwa hapo kumfungia mteja radio ya sola. Nikasikia Amoit anateremka kutoka upande wa juu. Sauti ya quad yake naijua.

Hapa nieleze kidogo kwa wenye hawajawahi kuendesha. Quad haina accelerator ya kuzungusha kama ya boda. Ina kidude kidogo unakisukuma na kidole gumba. Ukiachilia, kinafaa kurudi chenyewe na engine inatulia.

Siku hiyo hakikurudi. Cable ilikuwa imeshika kutu ndani na matope yakakauka juu yake. Nikasikia engine inapanda sauti mahali ilifaa kushuka.

Tairi la mbele likaingia kwa mtaro. Amoit akaruka upande, akaanguka kwa nyasi.

Quad haikumngoja. Iliendelea na safari yake.

Wakuu, sijawahi kuona kitu cha kutisha kama mashine inakuja mbio na kiti kiko tupu. Huwezi kuipigia kelele ikusikie. Watu walitawanyika. Mama wa nyanya aliacha meza yake akapotelea nyuma ya posho mill, pale kwa kinu cha unga. Quad ikapanda juu ya nyanya, ikakata kona yenyewe, ikaingia kwa shimo la maji machafu hapo nyuma na kukwama. Lakini matairi bado yanazunguka, yanarusha matope na nyanya, na engine inalia kama inachinjwa.

"Zima hiyo kitu!"

"Zima wewe!"

Hakuna aliyesogea. Na mimi pia sikusogea, ukweli ndio huo.

Aliyeizima ni Amoit mwenyewe. Alikuja anachechemea, nusu ya uso ni udongo, akapenya kando ya tairi akabonyeza button nyekundu ya kwa handlebar. Halafu akageuka.

"Kuna mtu ameumia?"

"Hakuna, daktari."

Akaketi chini hapo hapo akaanza kucheka, ile kicheko si kicheko. Mama wa nyanya akarudi, akamshika bega, akamwambia, "Dada, leo ungetuzika." Tukainama sisi wote kuokota zile nyanya zilikuwa bado nzima.

Cable tulibadilisha. Mpya, na grisi juu. Amoit akaendelea na kazi kama kawaida.

Mimi ndiye sikuendelea kama kawaida.

Niko kibandani, nimeshika simu ya mtu, sikio liko nje. Na Malaba mnajua, engine ni nyingi kuliko watu. Kila lori likivuta pumzi nainua kichwa. Nikimpigia hachukui kwa sababu anaendesha, na asipochukua, mimi nafunga kibanda na kusimama barabarani kama mtu anangoja gari. Wateja wakaanza kuniuliza kama naumwa.

Nikamwambia tuuze. Akaniuliza, "Na ng'ombe watakuja kwako kibandani kudungwa?"

Jibu lilinijia mahali sikutarajia. Tulikuwa na mazishi ya mtu wa kwetu huko upande wa ziwa. Nikashuka ufuoni kupunga hewa, nikaona mwenye boti amefunga kamba nyekundu kwa mkono, ile ya kujikunja kama waya ya simu za zamani, na upande wa pili imeshikwa kwa engine.

Nikamuuliza, "Boss, hiyo ni ya nini?"

"Nikianguka majini inatoka na mimi. Ikitoka, engine inazima. Bila hii, boti inaweza kuzunguka ikurudie na propela."

Wakuu, sikumaliza hata chakula cha matanga. Kichwa kilishaenda nyumbani kufungua quad.

Button ya handlebar ni nzuri ukiwa umekaa juu. Ukishatupwa, haikusaidii. Tulikuwa tunahitaji kitu kinaanguka pamoja na mtu.

Siku iliyofuata nikaenda Busia mjini, duka la spea za boti. Dada wa duka akanitolea ile switch na kamba yake.

"Una engine ya ngapi?"

"Sina boti."

"Sasa hii unafungia nini?"

"Mke wangu."

Aliniangalia vibaya. Ikabidi nimweleze yote tangu Angurai, na alipomaliza kucheka akanichagulia ile yenye klipu ngumu, akasema zile laini zinatoka hata ukikohoa.

Kuifunga hakukuwa na maneno mengi. Kwa quad yetu, engine inazimwa kwa kuunganisha waya moja na bodi ya chuma. Waya hiyo ikigusa bodi, plagi inakosa moto. Nikapima switch na mita. Klipu ikiwa ndani, waya zake hazishikani. Klipu ikitoka, zinashikana. Ndiyo hiyo nilikuwa nataka. Nikaunganisha upande mmoja kwa waya ya kuzima, upande mwingine kwa bodi, nikatoboa mahali pa switch karibu na handlebar. Zenu zinaweza kuwa na wiring tofauti, msije mkaniambia nimewachomea CDI, kile kiboksi cha kupeleka moto kwa plagi.

Nikamwita Amoit. Nikawasha, nikavuta kamba. Kimya.

Nilikuwa nangoja anisifu.

"Na hii kamba nafungwa nayo wapi?"

"Mkononi."

"Baba Nelly, mimi si mbuzi."

"Sijasema wewe ni mbuzi."

"Nitafungua geti aje? Nitashika sindano aje? Watu wataniona nimefungwa kwa mashine kama nimeiiba."

Tulibishana mpaka chai ikapoa. Mwisho akapanda, akawasha, akavuta kamba mwenyewe. Ikazima. Akawasha tena, akaegemea upande pole pole mpaka kamba ikatoka. Ikazima. Akakaa hapo juu akiangalia handlebar.

"Nitaifunga kwa mshipi," akasema. "Kwa mkono sitaki."

Kwa mshipi ilikuwa wazo bora kuliko langu. Kamba haimsumbui akikata kona, na akishuka anachomoa klipu tu.

Hapo nilifaa kutulia, si ndiyo? Nilitulia siku chache.

Halafu asubuhi moja anataka kutoka, amefunga cool box ya chanjo nyuma, engine inanguruma, nikasikia tu mwili hautaki. Nikamwambia angoje. Nikavuta kamba.

Engine ikaendelea.

Nikarudisha klipu, nikavuta tena kwa nguvu. Inaendelea kunguruma, raha mustarehe.

Amoit akaizima na button. "Imekataa?"

"Imekataa."

"Tangu lini?"

"Sijui."

Hilo neno "sijui" lilinikata maini. Alikuwa amezunguka Angurai na milima yake, amefunga kamba kwa mshipi, anaamini, na kumbe ni urembo tu. Nilipofungua nikakuta waya ya kwenda kwa bodi imechomoka. Ile mitikisiko ya njia zetu iliivuta kidogo kidogo mpaka ikaachia.

Na hapa ndipo ningependa mnisikie vizuri. Switch ya aina hii waya ikikatika, mashine haikuambii kitu. Inawaka vizuri, inaenda vizuri. Utajua imekufa siku unaihitaji.

Nilirudia kazi yote. Nikakwangua rangi kwa bodi mpaka chuma kikang'aa, nikaweka terminal ya kufinywa na bolt, nikachoma kila kiungo na soldering gun, nikavisha mpira, nikafunga waya na cable tie kila mahali ilikuwa inachezacheza. Nikaipigapiga kwa mti kama mwendawazimu. Amoit akanitazama tu, safari hii hakubishana. Tangu siku hiyo, kabla ya kufungua geti, lazima avute kamba kwanza nikiwa hapo nasikia.

Sasa nifike mwisho wake.

Mchana mmoja simu yangu ikalia, ni namba ya Amoit, lakini sauti ni ya mwanaume mzee.

"Wewe ndiye mzee wa daktari?"

"Ndiyo."

"Mimi ni Okisai. Yuko hai, lakini trakta ilikuwa imemlalia. Kuja."

Sikumbuki kama nilifunga kibanda. Nikarukia boda, nikamwambia akimbie, halafu nikamwambia apunguze, halafu akimbie, mpaka jamaa akasimama akaniuliza, "Boss, tuamue nini?"

Ilikuwa ni kwa kijito kidogo ng'ambo ya Angurai. Alikuwa anapanda ukingo, tairi la nyuma likakanyaga jiwe lenye maji, quad ikapinduka kando. Nilimkuta ameketi kwa nyasi, mkono ameukumbatia, mfupa wa bega umevunjika, midomo imekauka. Gumboot ya kulia ilikuwa na alama ya tairi kutoka kwa kifundo mpaka kwa vidole. Tairi lililala hapo juu ya mguu wake.

Lililala tu. Halikuzunguka.

Mzee Okisai ana shamba hapo juu. Alinieleza hivi: "Niliisikia inapanda, halafu ikanyamaza mara moja. Hiyo hainyamazangi katikati ya kilima. Nikajua kuna shida. Tulipofika tuliinua tu, hakuna kitu ilikuwa inatuuma."

Nikapiga magoti mbele ya mke wangu. Yeye ndiye alianza.

"Cool box iko wapi? Chanjo isipigwe na jua."

"Wachana na chanjo!" Nilipaza sauti mpaka mzee akarudi nyuma.

"Baba Nelly. Angalia kwanza."

Nikaenda nikaangalia. Barafu ilikuwa bado. Nikaibeba nikaiweka kwa kivuli, na huko kwa kivuli, nimewapa wote mgongo, nikalia vizuri sana.

Hospitalini walimfunga, mfupa ukaunga. Ameshaanza kazi tena, quad hiyo hiyo, kamba kwa mshipi.

Nilichojifunza ni kwamba hiyo switch haizuii mtu kuanguka. Inazuia mashine isiendelee na kazi ukishaanguka, na hiyo tofauti ndiyo mguu wa mke wangu. Kwa hivyo mwenye quad, weka. Na ukiiweka, ivute kila asubuhi, usiipende tu kwa macho.

Lakini nisiwadanganye ati sasa nalala vizuri. Leo ametoka mapema, yuko huko ndani ndani mahali network inapotea. Hapo katikati ya kuandika nimetoka nje mara mbili kusikiliza. Zote zilikuwa malori.

Wenye bibi ama mabwana wa kazi kama hizi, nyinyi mnafanyaje ndio roho ikae? Niambieni, nitakuwa hapa hapa nikisoma mpaka afike.