Jeneza la Fundi Jobst

Walburga alikuwa akishindilia kabichi kwenye pipa pale Ottilie, jirani yake, aliposimama mlangoni bila kubisha hodi.

"Walburga, weka chini hicho kitu. Baba yako kaanguka karakanani."

"Kaumia?"

"Hapana, mwanangu. Kamaliza."

Jobst Krebser, fundi mapipa wa Obernbach, alikufa ameshika nyundo, na ilibidi binti yake amfungue vidole kimoja kimoja. Walburga akamfumba macho, akapiga magoti, akamwombea. Alipoinuka, majirani walikuwa wamejaa mlangoni, na hakuna aliyeuliza marehemu alikuwa akiumwa nini. Waliuliza nani atambeba.

Miaka kumi na saba kabla ya hapo, kwenye gulio la mji wa jirani, Jobst alikaa kilabuni na mgeni mmoja mpole, wakanywa bia kwa kikombe kimoja. Mgeni alijua sana habari za magoti yanayouma, akamweleza dawa ya kuchua. Siku ya tatu ikajulikana kwamba yule alikuwa mnyongaji, aliyevua joho la kazi lililomtambulisha kwa sababu ya joto. Chama cha mafundi mapipa kikakutana na kumfuta Jobst kabla ya chakula cha mchana. Anayekunywa na mnyongaji amechafuka, na anayemgusa aliyechafuka, naye kachafuka.

"Lakini magoti yalipona," Jobst alikuwa akisema, na zaidi ya hapo hakulalamika.

Watu waliendelea kununua mapipa yake kwa mlango wa nyuma, maana hayakuwa yakivuja. Kanisani alikaa peke yake karibu na mlango, kwenye upepo, na hakukosa misa.

Padri alikubali kumzika ndani ya ua wa kanisa. "Ila lazima aingie langoni juu ya mabega ya watu," alisema. Aliyekosa wabebaji alichukuliwa na mkokoteni wa mchuna mizoga, akafukiwa nje ya ua bila kengele.

Walburga akaenda kwa Mzee Veit, mkuu wa chama.

"Tumesikitika mno, binti," Veit akasema kutoka dirishani.

"Basi mtambeba?"

"Tutasimama kando ya njia, kofia mkononi."

"Mzee, hilo pipa lililo nyuma yako ni kazi ya nani?"

Veit hakugeuka. "Pipa ni pipa. Tukigusa jeneza, mafundi wa miji mingine hawatapokea vijana wetu. Unataka vijana wakose kazi?"

Walburga akarudi nyumbani. Ottilie alikuwa jikoni pamoja na Kunigund, wote wawili wajane wa mafundi mapipa.

"Wamekataa," Walburga akasema.

"Tulijua," akasema Kunigund. "Jeneza lina uzito gani?"

"Mama Kunigund, mtapoteza heshima."

"Heshima ya chama alikuwa nayo marehemu mume wangu, akaenda nayo kaburini. Mimi hakuniachia hata kipande. Watanifuta wapi?"

"Na mgongo wako je?" Ottilie akamtania.

"Mgongo huu umembeba mlevi miaka thelathini. Fundi Jobst hatausumbua."

Wakakusanyika wajane sita. Padri akafungua kitabu cha kanuni, akasoma kurasa mbili, akakifunga. "Hapa wajane hawakutajwa," akasema, akaagiza kengele ipigwe.

Jumatano asubuhi wakamtoa nyumbani. Ottilie alikuwa mfupi, hivyo jeneza liliinamia upande wake, na walisimama mara tatu kupumzika. Mafundi walikuwa kando ya njia, kofia mkononi, kama walivyoahidi. Walburga alitembea nyuma akisali rozari.

Wakapita langoni. Padri akanyunyiza maji ya baraka, wajane wakamshusha kwa kamba, Walburga akatupa udongo wa kwanza. Wakasema Baba Yetu. Kisha wanawake wakashika majembe, maana mchimba kaburi alichimba tu, naye alikuwa na chama cha kumfuta, wakafukia mpaka shimo likajaa.