Picha ya Mwisho Niliipiga Mvua

Majivu ya nyasi yakinyeshewa mvua ya kwanza hutoa harufu chungu inayokaa kooni kama moshi wa jikoni, na mimi nikiisikia huku kwetu Ndhiwa, pamoja na uzee wote huu, hugeuka kumtafuta kaka yangu Owino. Alikuwa kibarua wa kukata miwa ng'ambo ya mto Kuja. Mwaka ule alikuja likizo wakati wa kiangazi akiwa na kamera kuukuu aliyouziwa na mtu, imefungwa kamba ya katani badala ya mkanda. Watu walidhani atapiga picha za harusi apate riziki. Wapi! Alipiga nyufa za ardhi, vichuguu, ng'ombe wakilamba tope pale kisima kilipokauka. Mama alisema mwanawe amelogwa. Mimi nilikuwa na miaka tisa hivi, shule nimeshaacha, na kisa cha kuacha ni kirefu, tukiache. Basi nilizurura naye kutwa.

Filamu ilikuwa ya picha thelathini na sita, naye alizitumia kwa uchoyo mpaka mawingu yakaanza kupanda kutoka ziwani. Ilipobaki moja akanipa kamera. Yeye mwenyewe hakuwa amepigwa picha hata mara moja. Alisimama juu ya jiwe, akanyoosha shati.

"Atieno, shika sawasawa, huo si mwiko wa ugali. Hii ni ya Mama."

"Cheka basi."

"Nicheke nini, na meno yangu unayajua?"

Papo hapo mvua ikatokea upande wa ziwa, ukuta mweupe unaotembea, yangeyange wanaikimbia. Mkono ukageuka wenyewe. Nikabonyeza.

"Wewe mtoto! Umepiga mvua?" Akacheka mpaka akakaa chini. "Haya, nitanunua filamu nyingine."

Siku ya nne alirudi kazini, ile filamu akamwachia Mama. Mto ulikuwa umefurika. Waliingia majini kuvuka wawili, akatoka mmoja, na si Owino. Tulimtafuta wiki mbili, hatukupata hata shati. Kwetu mwili usipopatikana, huzikwa tunda la yago badala yake, lile refu la mti wa porini, zito kama mkono wa mtu. Wazee walililaza kaburini, wakalifunika shuka. Mama akasema hawezi kulilia tunda. Anataka uso wa mwanawe. Akamtuma mjomba mjini Migori filamu ikasafishwe.

Picha zikaja kwenye bahasha. Mama alizipitia, kichuguu, ufa, tope, akifika mwisho anaanza upya. "Owino yuko wapi?" Nilikuwa nimekaa ubavuni pake. Niliiona mvua yangu mkononi mwake, na nzuri ilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo. Mama alikufa bila kujua kuwa ile ilipaswa kuwa picha ya Owino.

Siku hizi wajukuu hupiga picha hata sahani ya samaki kabla ya kula, na nyuso zao zimejaa kwenye simu wasijue pa kuziweka. Juzi mmoja alikuja kutoka Mbita akaniuliza mimi bibi yake, "Dani, huyo Owino alifanana na nani?" Waliomjua wamekwisha, nimebaki mimi. Nikamwambia, "Na wewe, kabisa." Alifurahi, akajitazama kwenye kioo cha simu. Nilimdanganya. Sura ya kaka yangu imenitoka, hata sijui ilianza lini, na hakuna mahali pa kwenda kuitazama.