Ukurasa Uleule

Shangazi yangu alipiga pasi nguo za watu kwa miaka thelathini, na hakuunguza hata kola moja. Alimuunguza mtoto wake mwenyewe.

Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniuma. Kila asubuhi, kabla ya kushika pasi, alifumba macho, akaifungua Biblia popote, akaweka kidole. Mstari ulioguswa ndio uliokuwa amri ya siku. Wa juu yake hakusoma, wa chini yake hakusoma. Wenzake Neno liliwalisha. Yeye alilipigia ramli, kisha akashangaa mbona roho yake imekonda.

Binti yake alipopata mimba bila ndoa, shangazi alifungua. Kidole kikaangukia pale mtume anapowaambia waumini wajitenge na wasioamini. Akafungua tena: palepale. Mara ya tatu: palepale. Mungu akisema mara tatu, nani abishe? Dada yangu huyo akatolewa nje na mfuko mmoja wa nguo, zote zimenyooshwa vizuri.

Ikapita miaka kumi na mmoja. Mwezi uliopita dada alituma salamu kupitia kwangu: anahamia mbali, Jumamosi atapita kuaga, na atamleta mtoto aonwe na bibi yake. Shangazi hakujibu. Aliniletea Biblia, maana mimi ni fundi wa kujalidi vitabu.

"Kurasa zinatoka, mwanangu. Ishone kabla ya Jumamosi, nataka kuuliza."

Nilipobandua jalada nikajua. Kitabu kikibebeshwa kitu kinene mahali pamoja kwa miaka, huvunjika mgongo hapo, na ukikiachia hufunguka hapohapo. Kwenye ukurasa ule ilikuwemo karatasi ngumu iliyokunjwa mara nne, imelala humo tangu dada akiwa mchanga. Ni cheti chake cha ubatizo.

Nikausoma ukurasa wote, kama unavyopaswa kusomwa. Mistari michache tu juu ya ule wa kujitenga, mtume yuleyule anawasihi watu wake, kama baba na watoto, waifungue mioyo yao. Nililia kwa hasira, gundi mkononi.

Nilimwonyesha shangazi yote mawili, cheti na mistari.

"Umemaliza kushona?"

"Nimemaliza. Lakini sasa haitakuchagulia ukurasa, shangazi. Itabidi usome."

"Na wewe uchungaji umeanza lini?" Akaikwapua, akaondoka.

Jumamosi nilisimama mlangoni kwake na dada na binti yake. Tulibisha hodi. Dirisha lilikuwa wazi. Tulimwona mezani, amefumba macho, anafungua, anaweka kidole, anatazama, anafunga. Kazi yangu ilikuwa imeshika vizuri mno. Mara tukamsikia akitamka majina ya mababu, mara vipimo vya hema. Anafunga, anafungua tena. Nikaugonga mlango kwa ngumi, nikamwita kwa sauti ambayo mtu hamwiti shangazi yake. Hakuinua kichwa.

Basi lao lilikuwa linaondoka saa sita. Mtoto akamvuta mama yake mkono.

"Mama, kwani bibi hayupo?"

"Yupo," dada akasema, akiinua mfuko wake. "Anasoma."