Jina Alilotuandikia Sote

Habari ya kifo cha fundi wangu wa simu niliipata mbele ya kibanda chake kilichofungwa, mkononi nina simu mpya niliyomletea aifungue. Jirani yake, mama anayeuza unga wa mahindi, alinitazama bila kuinuka. "Papa, weye haukusikia? Alikufa juzi. Kilio iko kwake." Nikasema asante, kana kwamba amenielekeza njia tu. Wasomaji wangu mtanisamehe: jambo la kwanza nililowaza halikuwa mjane wala watoto. Niliwaza kwamba sasa nimempoteza mama yangu mara ya pili. Baada ya hapo sikuwaza kitu tena, mwili wote ukafa ganzi.

Nieleze. Simu yangu ya zamani iliingia maji ikazimika kabisa, na humo ndimo nilimoweka sauti za mama, aliyetutoka mwaka juzi. Fundi alikuwa ameniambia tangu mwanzo nisiwe na wasiwasi, kila kitu kinakwenda "mu nuage", yaani kwenye mashine za kampuni iliyotengeneza simu, huko tusikokujua. Nikinunua nyingine ya kampuni ile ile na kuingia katika akaunti yangu, vyote vitarudi. Nikanunua. Ikaniuliza nenosiri, nami sikulijua, kwa kuwa aliliweka yeye. Ikaniuliza swali la akiba: mama yako anaitwa nani? Nikaandika jina la mama. Ikakataa. Nikaliandika upya kwa herufi kubwa, ikakataa, ikanionya kwamba limebaki jaribio moja, kisha akaunti itafungwa daima. Mwanamke aliyenizaa, mashine inaniambia siye.

Nakumbuka vizuri siku akaunti ile ilipofunguliwa. Watu walikuwa wamejaa kibandani, wengine wametoka Kambove na simu zao zimefungwa kwenye mifuko ya plastiki. Fundi alipofika kwenye swali lile aliniuliza kwa sauti, nami nikageuka kuwatazama watu. Kwetu jina la mama halitajwi ovyo mbele za watu; hata majirani wa miaka mingi walimwita mama kwa jina la kaka yangu mkubwa. Fundi akacheka. "Bon, papa, achia minye. Najua ya kuandika." Nikamwachia, na wote waliokuwa pale nyuma yangu wakamwachia vilevile. Zamani mwenye kisu kikali ndiye aliyekula nyama; siku hizi ni mwenye nenosiri. Yeye mwenyewe alitembea na kasimu kadogo ka vitufe. Nilipomtania, fundi gani huyu, alinijibu: "Hii haiulizake minye ni nani." Nimelifikiria sana jibu hilo wiki hii. Nyundo haimuulizi seremala jina la mama yake kabla ya kupiga msumari. Kwa nini kitu nilichokilipia kiniombe nijitambulishe kwa watu wa mbali ndipo kinitumikie? Lakini nisijifanye mjuzi: bila hao watu wa mbali, sauti ya mama ingekufa maji pamoja na simu.

Nikaenda kilioni. Chini ya turubai nilikuta watu saba au wanane wamekaa, kila mmoja ameshika simu, kila mmoja ana aibu ya kuwa wa kwanza kuuliza. Niliyekosa aibu ni mimi. Mjane alikuwa ameketi kwenye mkeka, akanisikiliza mpaka mwisho. "Alikuwaka anaandika jina ya mama yake," akasema. "Kwa bantu yote. Bantu banaogopa kutaja ya kwabo, njo anaweka ya kwake."

"Ni jina gani, mama?"

Akainamisha kichwa. "Ni mama mukwe wangu, papa. Ile jina haitokake mu kinywa yangu."

Sikumlaumu. Mkwe hatajwi jina, hata akiwa kaburini. Marehemu alikuwa mtoto wa pekee, na watoto wake walimjua bibi yao kwa jina la bibi tu. Kisha mjane akanyoosha mkono, akachukua kalamu mfukoni mwa shati langu. "Kinywa njo inakatazwa," akasema. "Mukono, hapana." Akaliandika nyuma ya karatasi ya nyimbo za misa, polepole, na ndani yake herufi mbili ambazo nisingezibahatisha hata kama angelitamka. Wale wengine wakasogea na simu zao.

Nililiandika, na akaunti ikafunguka. Mama alikuwemo, ananigombeza kwamba sili vizuri. Nilisikiliza sekunde chache na sikuhisi kitu, nasema kweli. Chini kabisa, kabla ya sauti zote za mama, palikuwa na sauti moja nisiyoijua. Nikabonyeza. "Allo, allo. Moja, mbili. Micro iko bien. Papa, simu yako inasikia." Ni fundi, siku ile aliyofungua akaunti, anajaribu kipaza sauti. Nikampa mjane simu, kwa kuwa kale kasimu ka mumewe hakakuwa kamehifadhi hata neno moja lake. Akaiweka sikioni. "Rudisha," akasema. Nikairudisha. "Tena." Mara ya tatu ganzi ilinitoka, nikalia mbele ya watu, nikiwalia wote wawili, mama na fundi, kwa pamoja.

Nilimwachia simu ile mpaka kilio kiishe. Kabla ya kuondoka tuliweka nenosiri jipya, akalisoma mara mbili mpaka likamkaa kichwani, nami likanikaa. Kama tunazihitaji akaunti za makampuni au hatuzihitaji, tutaendelea kubishana, na mimi bado naegemea upande wa kasimu ka vitufe. Ila ufunguo wa sauti ya mtu wako usiuache kwa mtu mmoja, maana mtu mmoja hufa siku ya kazi, na kibanda kikafungwa.