Maua Meupe Bila Vijiti

Kosa langu ni lipi, jamani? Miaka yote kule Molo nimechuma pareto, yale maua ya dawa ya wadudu, na kiwanda kinataka vichwa tu. Ukiacha kijiti kwenye ua, nyapara anakumwagia kikapu chini mbele ya watu. Juzi nikaandikwa kazi kwa memsabu wa Njoro anayelima maua ya kuuza. Akaniambia, "Wewe chuma meupe yote," akaenda zake. Hakusema lingine! Nikachuma vichwa vitupu, nikavianika juani kwenye magunia, huku nikiwacheka wenzangu waliokuwa wakikata maua mekundu na vijiti vyake virefu. Wazembe!

Alasiri memsabu akaja na binti yake aliyekuwa aolewe kesho yake, kuchukua maua ya arusi. Nikawaonyesha magunia kwa maringo: "Angalia, memsabu, hata kijiti kimoja hakuna!"

Binti akaangua kilio. Nami, mpumbavu, nikadhani ni furaha.