Kiraka Kilichoangukia Shamba Jingine

Kwetu Newala hakuna anayeeleza shamba kwa namba. Ukimuuliza mtu shamba lake liko wapi, atakuambia nani amepakana naye upande wa jua linapotoka, nani yuko upande linapozama, na utaona mikorosho ya nani kwanza ukishuka. Majirani ndio ramani yenyewe. Mambo huenda vizuri mpaka jirani auze, ahame au afe, na hapo ndipo maneno huanza.

Mimi naishi Masasi, ninaandika programu za kompyuta. Pamoja na watu wa nchi nyingi ambao sijawahi kuonana nao, ninasaidia kutengeneza chombo cha kutunza matoleo ya programu. Chombo hicho kinakumbuka kila badiliko na nani alilifanya, na watu wawili walioandika wakiwa mbalimbali kinawaunganishia kazi yao. Ukibadilisha kitu huna haja ya kutuma faili zima. Unatuma kiraka: mistari ya kutoa, mistari ya kuweka, na mistari michache ya jirani, ya juu na ya chini, ili chombo kijue pa kukibandika. Siku nilipoelewa hilo nilicheka peke yangu. Newala tupu.

Kaka yangu ni mwalimu hukohuko Newala. Yeye na mimi tuliwatengenezea wakulima wa mtaa wa mama programu ndogo ya zamu za mashine ya kupulizia salfa. Mashine ni moja, wenye mikorosho ni wengi, na maua hayamngojei mtu. Salfa ikichelewa, ubwiri unga unaingia, maua yanakuwa kama yamemwagiwa majivu, yanakauka, na korosho ndiyo basi tena. Programu yetu inamtumia mpulizaji ujumbe wa kumwambia kesho aende shamba gani. Kwa kuwa mtandao wa kaka ni wa kuotea, nilikuwa namtumia viraka vidogo kwa simu, naye anavibandika kwa chombo hicho kwenye kompyuta yake.

Mama alikuwa na mashamba mawili. Moja liko nyuma ya nyumba, jingine bondeni, pale uwanda wa juu unapokatika kuelekea mto Ruvuma. La bondeni alilipanda na baba walipooana, na baba hatunaye tena. Kwenye faili letu mashamba hayo yalifanana kama mapacha: mwenye shamba yuleyule, simu ileile, mpangilio uleule. Jina la kila shamba lilikaa juu kabisa ya maelezo yake, mbali na mistari ya zamu.

Msimu ule mama alipiga simu kusema maua ya bondeni yamewahi. Nikaandika kiraka cha kuisogeza mbele zamu ya bondeni, nikamtumia kaka. Kumbe kaka alikuwa ameongeza wakulima wapya mwanzoni mwa faili, kwa hiyo mistari yote ilikuwa imeshuka. Chombo kilipofika nilipokielekeza hakikukuta nilichokisema. Kikatafuta jirani na hapo, kikakuta mistari inayofanana, kikabandika, kikatangaza kuwa kimefanikiwa. Kilibandika kwenye shamba la nyuma ya nyumba.

Mpulizaji akaenda alikotumwa. Mama alimwona asubuhi na mashine yake mgongoni, akampa uji, akadhani kesho yake atashuka bondeni. Kesho yake mashine ilikuwa kwa watu wengine. Kaka alipokuja kugundua, maua ya bondeni yalishageuka majivu.

Nilipanda Newala mwisho wa juma.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Hakuniuliza habari, yeye ambaye huuliza hadi za mama mwenye nyumba wangu. Tulishuka bondeni. Alivuta tawi, akapukuta maua makavu kwenye kiganja chake, akanionyesha.

"Hiyo kompyuta yenu ilisemaje?"

"Ilisema imefanikiwa."

"Basi ni mwongo huyo."

"Ilikuta mahali pawili panafanana, mama."

"Si ingeuliza!"

Hakuwa ananifundisha kitu. Alikuwa na hasira, na mimi nilikuwa nayo kuliko yeye. Wenzangu wa kutengeneza chombo walishalizungumza tatizo hilo zamani wakaliweka kando, kwa maelezo kwamba hutokea mara chache. Na hiyo mara chache ilikuwa imeangukia mikorosho ya baba. Tangu siku hiyo mama akakataa kutegemea simu. Kila zamu ilipokaribia aliteremka mwenyewe kumsimamia mpulizaji, kwa magoti yale yanayomuuma, kwenye mteremko ambao mimi mwenyewe huushuka nikijishikiza kwenye matawi. Hilo ndilo lililoninyima raha. Nilitaka mama aweze kubaki nyumbani na maua ya bondeni yawe salama.

Kuandika marekebisho hakukuwa kugumu. Nilitaka chombo, kikikuta mahali pawili au zaidi panapokifaa kiraka, kisijichagulie kimyakimya. Kisimame, kionyeshe pote, kiulize. Kazi ilikuwa kuwashawishi wenzangu. Mmoja aliandika kuwa watu wanataka chombo cha kufanya kazi, si cha kuhoji. Nilimjibu kwa ukali, nikafuta kabla ya kutuma, nikatoka kwenda kunywa chai. Niliporudi nilimtumia mfano wa kujaribia: faili la mashamba mawili ya mama mmoja, na mikorosho ndani yake. Akauliza mkorosho ni mti gani. Nikamweleza, nadhani kwa urefu kuliko alivyotaka.

Katika jambo moja walikuwa na haki. Toleo langu la kwanza liliuliza ovyo, kama mgeni anayebisha hodi hata mlango ukiwa wazi. Nilipolirekebisha liulize pale tu mahali panapolingana kweli, walilipokea.

Msimu uliofuata maua ya bondeni yaliwahi tena. Nikatuma kiraka. Asubuhi, kabla ya kengele ya shule, kaka akapiga.

"Chombo chako kimegoma."

"Kinasemaje?"

"Kinauliza, la nyumbani au la bondeni?"

Nilifurahi mpaka nikasimama. Ningeweza kumjibu palepale, lakini woga wa mwaka uliopita ulikuwa haujanitoka. Nikamwambia asubiri, nikampigia mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?"

"Salama. Zamu hii ni ya bondeni, siyo? Chombo kimekuta mashamba yako mawili, kimesimama kinauliza."

"Kimeuliza kweli?"

"Kimeuliza."

"Zamu ni ya bondeni. Lakini mimi sina mashamba mawili. Ninalo hili la nyuma ya nyumba tu."

"Umeuza, mama?"

"Niuze mikorosho ya baba yako? Nimekupa wewe. Majirani wa pande zote niliwaita wakasimama mipakani, na kaka zangu wanajua. Kwetu shamba la mama humfuata binti. Magoti yameukataa ule mteremko. Waambie waandike simu yako."

"Mbona hukuniambia?"

"Si ndiyo umeuliza leo?"

Nilimwambia kaka abandike zamu bondeni, kisha nikaandika kiraka kingine, kifupi kuliko vyote nilivyowahi kuandika: mstari mmoja wa kutoa, mmoja wa kuweka. Baada ya muda mfupi akapiga tena.

"Kimegoma tena. Kinasema namba hii ya simu ipo mahali pawili, itolewe wapi?"

"Bondeni," nikasema. Namba iliyokuwa inatolewa ilikuwa ya mama, na iliyokuwa inawekwa ilikuwa yangu.